Fisi Apewa Bendera

Mwaka ule mvua iligoma kabisa. Nyasi ziliisha, visima vikakauka, na wanyama wa pwani nne zilizoizunguka ghuba moja wakabaki kuitegemea bahari. Kila maji yalipokupwa, walishuka mwambani. Simba aliokota samaki walionasa kwenye vidimbwi, Sungura akavuna mwani wa kuwalisha wanawe saba, na Fisi akala chochote kilichokubali kutafunwa.

Tatizo lilikuwa dhoruba. Kasa, aliyeishi kisiwani kwenye mlango wa ghuba, ndiye aliyeona mawimbi kwanza. Simba aliona mawingu, Sungura akasikia upepo ukigeuka. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari na alikikalia. Mpaka wenzao wawili walipofagiliwa na maji ndipo wakaitana kikao.

"Bahari ni yangu mpaka jicho langu linapofika," Simba alifungua kikao.

"Sawa, mkubwa," alisema Sungura. "Na upepo unaotoka huko ambako jicho lako halifiki, nao ni wako?"

Simba alikohoa tu. Kwake yeye, huko ndiko kukubali.

Wakapatana hivi: kila asubuhi Membe, ndege wa baharini, akusanye habari za pwani zote na kumpelekea Fisi, kwa kuwa rasi ya Fisi ilionekana na kila mtu. Bendera nyeupe, twendeni mwambani. Nyekundu, kila mtu abaki kwake. Na atakayezidiwa na maji aokolewe, awe wa pwani yoyote.

"Jamani, mnaniamini hivyo?" Fisi aliuliza huku mate yakimdondoka. Wenzake walidhani ni furaha.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya pili bendera ilikuwa nyekundu siku zote, na ya tatu vilevile. Sungura alikaa mlangoni akitazama bahari iliyotulia kama maji ya mtungini, huku wanawe wakilia njaa. Kitinda mimba hakuwa na nguvu hata ya kulia, na hilo lilimkata Sungura maini.

Akamwita Membe. "Jana ulimpelekea Fisi habari gani?"

"Shwari, pwani zote. Na juzi shwari. Tena siku hizi hanisubiri. Nikifika nakuta bendera nyekundu imeshapanda, mwenyewe hayupo, na kapu lake halipo."

"Kapu halipo!" Hasira zilimpanda Sungura mpaka ncha za masikio, na kwa Sungura hiyo ni safari ndefu.

Alitaka kila pwani ipate habari zote na ipandishe bendera yake yenyewe. Kasa alikubali papo hapo. Simba ndiye aliyeleta shida.

"Mimi nianike vitambaa kama dobi?"

"Mlingoti wako utakuwa mrefu kuliko yote, mkubwa."

"Mrefu kiasi gani?" aliuliza Simba.

Asubuhi iliyofuata Membe alizunguka na habari akihema. Kasa ameona mawimbi makubwa, mawingu yamejaa kwa Simba, na upepo umegeuka. Bendera tatu nyekundu zikapanda. Ya Fisi ilikuwa imepanda zamani, na mwenyewe alikuwa mwambani na kapu lake. Siku hiyo, bila kujua, Fisi alikuwa amesema kweli.

Aliinua kichwa, mdomo umejaa pweza, akaziona zile bendera tatu. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Loo! Wameujua mchezo wangu! Wanataka nitoke waingie wao. Ng'o! Hanitoi mtu hapa!"

Wimbi la kwanza lilichukua kapu. La pili likamchukua yeye.

"Mwacheni," alisema Simba.

Sungura aliwafikiria wanawe, na kusema kweli alitamani sana kumwacha. Lakini mapatano yalikuwa ya wote, na hayakusema "isipokuwa Fisi". Akamtuma Membe mbio kwa Kasa. Kasa alimfuata Fisi kwenye povu, akamleta mgongoni na kumbwaga mchangani, naye Fisi akatapika kila alichokula wiki mbili.

"Mbona hamkuniambia?" Fisi alilia.

"Tumekuambia kwa bendera tatu," Simba alinguruma, "na yangu ndiyo ya juu kuliko zote!"

"Nilidhani mnanidanganya."

"Na ya kwako wewe," Sungura aliuliza, "ulipandisha ya rangi gani?"

Fisi alitazama chini. "Nyekundu."

"Basi ungejiamini mwenyewe tu, ungepona."

Bendera ya rasi alipewa Membe. Tangu siku hiyo, kila Fisi anapoambiwa habari za bahari huuliza "Kweli?" mara tatu, na bado haridhiki. Amewadanganya wenzake mpaka hawezi tena kutambua anapoambiwa ukweli.