Mguu wa Sefueli

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana baiskeli zilikuwa zimeshafika kwenye milima ya Upareni, palikuwa na mteremko ulioitwa Shika-Mti. Nani aliupa jina hilo sijui, ila ukiuteremka mara moja utajua kwa nini. Wanaume wa kule waliushuka na magunia ya tangawizi nyuma ya baiskeli, wakienda sokoni bondeni, na breki yao ya kuaminika ilikuwa kisigino cha kiatu. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Waendesha baiskeli wa Shika-Mti walikuwa na mila mbili. Ya kwanza: mwenzako akianguka, msimamishe upesi kabla vumbi halijatulia, mlima usije ukamzoea. Ya pili: ukimvunja mwenzako asiweze kushuka tena, wewe ndiye mguu wake. Utachukua baiskeli yake na kushusha tangawizi yake kila siku ya soko, mpaka mmoja wenu azikwe.

Jumatatu moja asubuhi Sefueli, mume wa Nakiete, alikuwa akishuka. Nyuma yake alikuwapo Yonaza, rafiki yake tangu utotoni. Kwenye kona ya mawe, gurudumu la mbele la Sefueli likaingia kwenye mfereji. Baiskeli ikaenda kule, gunia kule, na Sefueli kule. Yonaza akaitupa baiskeli yake, gunia lake likabiringika mpaka korongoni, wala hakulitazama.

"Niache kwanza," Sefueli akasema. "Mguu, Yonaza. Mguu!"

"Simama, ndugu yangu! Simama, mlima usikuzoee!"

Akamshika makwapani, akamsimamisha. Sefueli akakanyaga mara moja tu, na mfupa wa muundi, uliokuwa umepata ufa, ukaachana kabisa. Yonaza aliusikia ukilia. Akambeba mgongoni akapanda naye mlima wote, na aliyewahi kuupanda Shika-Mti mikono mitupu anajua hiyo ni kazi gani.

Nakiete alikuwa uani anaanika tangawizi. Alipomwona mumewe mgongoni mwa mtu, kichwa kimelala, alijua amefiwa. Kisha Sefueli akaugua, na Nakiete akamshukuru Mungu kwa kusikia mlio ule.

Akaitwa Bi Nambike, muunga mifupa, ambaye mikono yake ilijulikana vijiji vitatu. Akaunyoosha mguu taratibu, akauzungushia kanga, akaupangia vibanzi vya mwanzi kutoka juu ya goti mpaka chini ya kifundo, akafunga kwa kamba za mgomba. Akautikisa, akaona bado unacheza. Akakaza tena.

"Mama Elieza," akamwambia Nakiete, "mguu huu haujavimba bado, lakini utavimba. Tazama vidole asubuhi, mchana na jioni. Vikiwa baridi, au vikibadilika rangi, legeza kamba. Usiningoje mimi."

"Nimesikia, bibi."

Bi Nambike akaondoka, maana kijiji cha pili palikuwa na bibi aliyevunjika nyonga.

Jioni ile Nakiete alitazama vidole, akavikuta vina joto. Lakini baridi ya mlimani mnaijua. Sefueli alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, na mkewe akamvika soksi nzito za sufu. Jumanne asubuhi akapapasa vidole juu ya soksi, akaona vina joto. Joto lilikuwa la sufu, naye maskini akadhani la mguu.

"Kamba, mama Elieza," Sefueli akamwomba. "Zinanila."

"Vumilia, baba Elieza. Nikilegeza mfupa utateleza."

Alisema hivyo akilia, maana kumwona akiteseka kulimuuma kuliko kama angeumia yeye mwenyewe.

Mchana Sefueli akanyamaza. Nakiete akamkimbilia.

"Vipi?"

"Hauniumi tena."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Basi ikawa sherehe! Nakiete akachinja jogoo. Majirani wakaja, wakaimba nyimbo za kushukuru, Yonaza akacheza mpaka jasho likamtoka. Na Nakiete, ambaye tangu Jumatatu hakuwa ametia kitu kinywani, akala. Sefueli alimtazama akila, akatabasamu.

Jumatano asubuhi Bi Nambike akarudi. Hakupapasa juu ya soksi, aliivua. Nakiete akaviona vidole vya mumewe, vyeusi, kama si vya mtu. Bi Nambike akakata kamba zote kwa kisu, kisha akakaa chini sakafuni, mzee wa watu, miguu ameinyoosha.

"Mpelekeni hospitali," akasema. "Sasa hivi."

Wakamshusha kwa machela, lakini mguu ulikuwa umekwenda zake. Daktari aliukata chini ya goti ili aokoe roho.

Miezi miwili baadaye waendesha baiskeli wakakutana kwenye ghala la tangawizi kumtafuta aliyemvunja Sefueli, na Nakiete na Bi Nambike nao wakaja. Baiskeli ya Sefueli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Watu walitarajia kusukumiana lawama, kama ilivyo ada ya binadamu. Badala yake, mikono mitatu ikaishika baiskeli kwa pamoja.

Yonaza akasema, "Ni yangu. Aliniambia nimwache, nikamsimamisha. Ningemwacha alale pale, mfupa usingeachana."

Bi Nambike akasema, "Mjukuu wangu, mfupa ulioachana nimeuunga mara ngapi? Niliukaza mguu ambao nilijua utavimba, kisha nikaondoka. Ni yangu, hata kama nitaikokota."

Nakiete akasema, "Bibi aliniambia nitazame vidole. Nilitazama soksi. Mume wangu aliniomba nilegeze, nikamwambia vumilia. Naomba mniachie, jamani. Ni yangu."

Hapo Sefueli akasogea kwa magongo yake.

"Toeni mikono yenu. Nilijua. Nilipokwambia hauniumi, mama Elieza, haukuwa mguu wangu tena. Ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine aliyelala nami kitandani. Nilijua si kupona. Lakini nilikuona unakula, nikameza maneno. Aliyeuvunja ni mimi, kwa hiyo baiskeli hii haina wa kuichukua. Ikae hapo ioze."

"Na tangawizi yako?" mtu akauliza.

"Nayo ioze. Simfungi mtu kwenye Shika-Mti maisha yake yote."

Yonaza hakutoa mkono. Bi Nambike hakutoa mkono. Nakiete ndiye aliyeuondoa wake, polepole, akamgeukia mumewe. Hakujua amwonee huruma au amkasirikie.

"Ulijua," akasema, "na jogoo tukamla?"

"Nilijua."

Nakiete akalia kwa sauti. Kisha akairudia ile baiskeli, akaishika kwa mikono yote miwili.

Haya, wenzangu. Mmoja alimsimamisha kwa mila akambeba kwa upendo, mmoja alifunga kwa ustadi akaenda kuokoa mwingine, mmoja aliogopa kumuumiza, na mmoja alinyamaza ili mkewe ale. Siku ya soko ni kesho, na tangawizi imeshajaa kwenye magunia. Je, nani awe mguu wa Sefueli?