Buu kwenye Fulana

Mtu akidhurika, jicho lake la kwanza humwangukia mgeni. Humtazama jirani, humtazama mtumishi, na mwili wake mwenyewe huwa wa mwisho kukaguliwa. Ndivyo alivyofanya mama mmoja, mtafiti wa wadudu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Wadudu.

Huyo ndiye aliyezunguka vilimani na mitego, akarudi kifua mbele kutangaza kwamba yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, buu lake likazama katika ngozi ya mtu, ni nzi wa mabondeni kwenye joto. "Huku kwetu, na baridi hii? Thubutu!" alisema, na wenzake ofisini wakampigia makofi.

Wiki hiyohiyo, akimwogesha mwanawe mchanga huku akijikuna kiuno, aliona majipu mgongoni kwa mtoto, mekundu, kila moja na kitundu katikati. Yaya, msichana aliyeajiriwa kumlea mtoto, alikuwa mlangoni na taulo. Alimgeukia yaya.

"Umemchoma mwanangu na nini? Sema!"

"Dada, haki ya Mungu sijamfanya kitu! Namlea kama wangu."

"Angekuwa wako ungemtoboa? Funga mizigo yako. Tukitoka zahanati, moja kwa moja polisi!"

Zahanatini, yaya alisimama mlangoni na begi lake, macho yamemvimba kwa kilio. Muuguzi, mama wa makamo asiyejua haraka, alipaka mafuta mazito ili kulainisha jipu. Mara kitu cheupe kikachungulia kitunduni, kikajinyonganyonga. Alipokibana kikachomoka, kinene kuliko punje ya mchele.

"Mama yangu weee!" Muuguzi aliruka nyuma. "Miaka yote hapa sijaona kioja hiki. Ni nini?"

Bibi Wadudu aliinama akakitazama. Alikuwa amelichora buu hilo mara ngapi!

"Ni yeye," alisema kwa shida. "Yule nzi wa mabondeni, anayetaga kwenye nguo mbichi, amefika huku."

"Nguo za mtoto anafua nani?" muuguzi aliuliza.

Si yaya. Alikuwa amekatazwa hata kuzigusa. Bibi Wadudu hakumwamini. Alizifua mwenyewe, fulana za mtoto pamoja na blauzi zake, akazianika mwenyewe juu ya majani nyuma ya nyumba, kivulini, zisipauke. Wala hazikupigwa pasi, ambayo ingeua mayai ya nzi, zisije zikaungua.

"Mimi," alijibu, machozi yakimtiririka. "Ni mimi mwenyewe."

Alimgeukia yaya. "Mdogo wangu, nisameh..."

Hakumaliza. Kiuno kilimchoma tena, pale pale alipokuwa akijikuna tangu asubuhi akidhani ni mbu. Alipandisha blauzi. Jipu jekundu, kitundu katikati, na ndani ya kitundu kitu kikitikisika.

Begi likamponyoka yaya. "Dada! Hata wewe?"

Muuguzi alichota mafuta tena. Bibi Wadudu alifumba macho, akaushika mkono wa msichana ambaye yeye mwenyewe alitaka kumpeleka polisi, akaung'ang'ania. Kikulacho ki nguoni mwako.