Tanga la Marashi

Bwana Ghalib, tajiri aliyeuza chupa moja ya marashi kwa bei ya ng'ombe, alidhamini mashindano ya mashua za matanga. Zawadi ilikuwa mashua mpya, naye mwenyewe akaingia kushindana. Kwenye tanga lake aliandika "Marashi ya Ghalib" kwa rangi ya dhahabu, akatoa sharti:

"Atakayelipita jina la marashi yangu ataondolewa!"

Waamuzi, waliokwisha kupuliziwa marashi hayo, walikubali.

Nahodha Mwanasiti, ambaye mashua yake ilivuja kama chujio, alimwendea. "Bwana, jina zuri hivyo liwe kwenye tanga moja tu? Liandike na kwangu, bure."

"Bure?" Ghalib alifurahi. "Liandikwe kwa herufi kubwa!"

Firimbi ilipolia, Mwanasiti aliwahi kutoka. Punde tajiri akamfikia, akataka kumpita.

"Pita tu, Bwana," Mwanasiti alimwambia, akimgeuzia tanga. "Waamuzi wanatazama."

Ghalib alisoma jina lake mwenyewe. "Punguzeni tanga!" aliwafokea mabaharia wake.

Mwanasiti alifika wa kwanza, huku akichota maji ndani ya mashua kwa sufuria.

"Umenishinda kwa hila!" Ghalib alinguruma alipomkabidhi zawadi.

"Mimi, Bwana? Waulize watu wa ufukweni. Wote wamesoma kwamba umeshinda wewe."