Jiwe Lililokunywa Masika

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma.

Hapo zamani za kale ukame ulilishika bonde la Mawe Mekundu. Bwawa likakauka. Mto ulikuwa mbali, na mtoto wa Punda Milia hakuweza tena kusimama. Wanyama wakasema waondoke. Mama yake akasema hamwachi.

Mhanga akatoa kichwa shimoni. Mhanga ana masikio ya punda na pua ya nguruwe, na alijivunia vyote viwili.

"Kila masika maji huingia mlangoni kwangu," akasema. "Sijayaona yakitoka. Yako chini."

Akachimba. Paru, paru, paru, udongo ukaruka. Paru, paru, paru, mchanga ukaruka. Kisha ko! Jiwe.

Nyati akachungulia. "Dada, umetuchimbia kisima au kaburi?"

Wakacheka. Lakini Nyati, huku akicheka, alisogea kidogo, kivuli chake kikamfunika mtoto. Mama Punda Milia aliona.

Mhanga akaligusa jiwe kwa pua. Lilikuwa baridi, lina vitundu kama mkate wa kumimina. Akawaeleza kwamba maji ya chini hayakai kama bwawa. Hukaa ndani ya vitundu vya jiwe, na chini yake jiwe jingine gumu huyakinga kama sahani. Akakwangua tena. Kwaru, kwaru.

"Sasa tungoje," akasema. "Jiwe halikamuliwi kwa hasira."

Wakangoja. Jua likawaka. Nyati hakuondoka mahali pake.

Ti. Tone moja. Ti, ti. Jiwe likatoka jasho. Jua lilipoinama, shimo lilikuwa na maji ya kunyweka.

Nyati ndiye aliyekuwa karibu, na ulimi wake ulikuwa mkavu. Akarudi nyuma.

"Mdogo kwanza," akasema.

Mtoto akanywa. Akatikisa masikio. Akasimama, miguu ikitetemeka.

Wengine wakafuata. Kila aliyekunywa alimpisha mwenzake, wakaliacha shimo lijae tena.

Tangu siku ile wanyama wa bonde lile hutembea vichwa juu. Wageni wakiuliza, "Maji yenu yako wapi?" wao hujibu, "Mnayakanyaga." Na Mhanga huinua pua yake.

Wanangu, msiliite jiwe kavu kwa kuliona juu tu, wala msimwite mwenzenu mkali kwa kumsikia tu. Maji hukaa ndani, na wema pia.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa kisima. Kiu ikiwashika, mdogo kwanza.