Vidole vya Mpiga Msasa

Kazi ya msasa, tazama vidole. Ndivyo nilivyomwambia Elifuraha jana, aliposimama mbele ya banda jipya la kuku akipokea pongezi za baba yake mdogo, na nyote mkanigeukia mkitaka kujua msemo huo umetoka wapi. Oliva amekisia kuwa ni wa wahenga. Hapana. Wahenga hawakuwa na Corolla. Methali hii ilizaliwa Babati, nami nilikuwepo, na chanzo chake ni hiki.

Bibi yenu Veneranda, mama yangu, alikuwa dereva wa teksi. Injini ya Corolla yake ilikuwa nzima kabisa, lakini jua lilikuwa limekula rangi mpaka boneti ikawa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Pale kijiweni, madereva wenzake wa teksi walimtania kwamba anaendesha kachumbari. Abiria wa kawaida hawakujali. Kisha hoteli moja ya mjini ikatafuta teksi ya kudumu ya kubeba wageni wake. Meneja wake, Bwana Kisanga, alimwambia wazi kwamba sifa za udereva wake amezisikia, lakini mgeni wake hawezi kumpandisha katika gari lile. Akampa wiki tatu alitengeneze. Mimi nilikuwa nyumbani likizo, nimebakiza mwaka mmoja wa diploma, na bila kazi ile ya hoteli nisingerudi chuoni. Mambo yalikuwa hayo tu, hayana mapambo.

Tulianza kwa Fundi Sadala, kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo kuliko za mafundi wote wa mji. Alituahidi gari jipya kwa siku mbili. Mama alilizunguka gari ambalo Sadala alikuwa amelimaliza asubuhi ile. Rangi ilikuwa imerukia mipira ya milango na taa za mbele. Mama akainama, akakwangua chini ya mlango kwa ukucha, rangi ikabanduka, na ndani yake kulikuwa na tope. Tope, wanangu. Mtu alipokea gari la watu, hakuliosha, akapaka rangi juu ya tope, na akalipwa.

Mama akamwuliza huwa anapiga msasa kwa siku ngapi. Sadala akawageukia wenzake akicheka.

"Mama Natalia, msasa ni wa maseremala. Hapa tunapaka."

"Basi nakwenda kwa seremala," mama akasema, tukaondoka.

Na kweli tulikwenda. Fundi wa rangi aliye mzuri alitaka mara nne ya bei ya Sadala, na hatukuwa nayo. Mzee Gwandu, seremala aliyekuwa akipuliza rangi kwenye vitanda na makabati, alikubali kutuazima kompresa yake na stoo tupu. Alitupa sharti moja tu, kwamba tusiiguse kompresa mpaka yeye apitishe kiganja chake juu ya gari zima bila kukwama popote.

Kupitisha kiganja bila kukwama kulituchukua siku kumi na nne. Tuliloweka karatasi za msasa kwenye ndoo, tukasugua rangi kuukuu, tukaziba mabonde kwa puti, tukasugua tena. Mzee Gwandu alikuwa akija jioni, anapitisha kiganja, anasimama mahali, anasema "hapa," kisha anaondoka. Nilimchukia. Kufikia wiki ya pili ncha za vidole vyetu zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, na kikombe cha chai tulikishika kwa kitambaa kwa sababu ngozi ilikuwa imebaki nyembamba.

Msidhani kwamba mambo yalinyooka. Siku ya kupuliza tulimwaga maji sakafuni ili vumbi litulie, mama akaanza vizuri, kisha kwenye mlango wa kushoto akasogeza bomba karibu mno, rangi ikatiririka mpaka chini. Akaitazama. Akazima kompresa, akangoja ikauke, akachukua msasa. Mlango ule mmoja ulitula siku tatu nyingine, na mimi nilimwambia kwamba wageni hawatauona. Alinijibu kwamba yeye ameuona.

Jumatatu ya mwisho tulifika hotelini. Bwana Kisanga alilizunguka gari mara mbili, akajitazama kwenye boneti akaweka sawa kola yake, akasema tuingie mapokezi mama aandikishwe. Madereva wote wa pale walikuwa wakiingia kazini kwa mashine ya kusoma vidole. Mama akaweka kidole gumba. Ikawaka nyekundu, haikusoma alama. Akaweka cha shahada, nyekundu. Vyote kumi, nyekundu. Bwana Kisanga akakunja uso.

Hapo ndipo Sadala alipoingia. Alikuwa amekuja kuomba kazi ya kupaka rangi magari mawili ya hoteli aina ya Noah, na gari letu alikuwa amelipita pale mlangoni.

"Umeiona hiyo Corolla, Meneja?" akasema. "Ni kazi yangu. Noah zako zitatoka hivyo hivyo."

Mama akasema kwamba gari amelipaka mwenyewe, na binti yake huyu hapa. Bwana Kisanga akatabasamu vile watu wanavyomtabasamia mtoto anayesema ameua simba. Sadala akaona mwanya.

"Mama Natalia, usinifanyie hivyo. Wiki mbili nimelipiga msasa kwa mikono yangu hii."

Akainyanyua. Mtu yuleyule aliyetucheka kwa kuuliza habari za msasa. Na meneja, msomi mzima mwenye tai, akamwamini palepale, bila hata kuuliza swali moja, kwa kuwa yule alikuwa fundi na huyu alikuwa mama. Akamgeukia mama.

"Kama unaweza kumdhulumu fundi jasho lake, nitakukabidhi vipi wageni wangu?"

Mama hakupandisha sauti. Alitazama mashine, akatazama vidole vyake, kisha akamtazama Sadala.

"Umesema wiki mbili?"

"Wiki mbili kamili."

"Weka kidole hapo."

Sadala akacheka, akaweka. Kijani. Mama akamwambia aweke kingine. Kijani. Cha mkono wa pili, kijani. Kila mstari wa ngozi yake ulikuwa mahali pake, kama wa mtoto mchanga.

"Natalia," mama akaniita, "weka na wewe."

Nikaweka kumi. Nyekundu kumi.

Mama akatandaza viganja vyake juu ya kaunta, akanionyesha kwa kidevu nami nikatandaza vyangu kando yake, vidole ishirini visivyo na alama. "Meneja," akasema, "kazi ya msasa, tazama vidole."

Dada wa mapokezi ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Sadala alisema mashine ni mbovu, akaondoka bila kuziuliza tena zile Noah. Bwana Kisanga akatoa daftari, mama akaandikishwa kazini kwa kalamu. Kuomba radhi hakuomba, na bado nasubiri. Kabla jua halijazama, kijiwe kizima cha teksi kilikuwa kikiusema msemo huo, na mwezi uliofuata nilirudi chuoni.

Sasa, habari ya banda la kuku. Mwiteni baba yenu mdogo aje, maana alipongeza bila kuangalia. Elifuraha, leta mikono yako hapa mezani. Oliva, na wewe leta yako, na hiyo michubuko ya waya usiifiche.

Mmeona wenyewe. Kazi ya msasa, tazama vidole.