Aliyemlea Wanzagi

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii hutupiwa mwanamume anayejigamba vijiweni kwamba ana watoto saba, ilhali hajui hata mmoja wao anasoma darasa la ngapi. Enos Masatu hakuwa na mtoto, kwa hiyo aliamini kuwa maneno hayo hayamhusu ndewe wala sikio. Siku yalipomfika, yalimfika mbele ya watu, kwenye meza ya fundi cherehani, na aliyeyasema alikuwa mama yake mzazi.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Enos alishuka Musoma akitokea Buhemba, alikochimba dhahabu kwa miaka mitatu. Hakurudi tajiri, lakini alirudi na viungo vyake vyote, na kwa wachimbaji hilo nalo ni la kushukuru. Alikuwa amepata kazi ya kutengeneza pampu pale mjini. Alifika kwao Makoko na begi mgongoni, akakuta kufuli mlangoni. Jirani yao Marieta alikuwa akigeuza dagaa juani, wala hakuacha kazi yake ili kumpokea.

"Mama yako hayupo," alisema Marieta. "Jumapili saa hizi anakuwaga kwenye mchezo."

"Mchezo gani, mama?"

"Mimi nitajuaje? Huwa anasema anaenda kumwangalia Wanzagi. Sijui ni ndugu yenu gani huyo."

Hawakuwa na ndugu anayeitwa Wanzagi. Wanzagi hakuwa mtu kabisa.

Wanzagi alikuwa jina kwenye karatasi. Miaka kadhaa nyuma, Shamsia, binti aliyerithi duka la ushonaji la baba yake, alirudi kutoka chuoni na mchezo usio na timu wala kombe. Kila mchezaji hubuni mtu wake na kumwandika kwenye karatasi: nguvu zake, udhaifu wake, vitu alivyo navyo. Shamsia husimulia yanayowakuta watu hao katika nchi ya ziwa isiyokuwapo popote. Kila mchezaji husema mtu wake anafanya nini, kisha dadu huamua kama amefaulu. Jumapili inayofuata hadithi huendelea pale ilipoishia. Walichezea juu ya meza ya kukatia vitambaa. Ramani waliichora kwa chaki ya fundi kwenye kitambaa cheusi, na watu wao walikuwa vifungo vya nguo. Wanzagi alikuwa kifungo chekundu cha koti.

Enos ndiye aliyembuni. Alimfanya mrusha mkuki mwenye hasira za karibu, asiyeogopa kitu wala kumheshimu mtu, na alimpenda kupita kiasi. Kule chini ya ardhi alimwaza kuliko alivyowaza kupiga simu nyumbani. Njiani, tangu Butiama, alikuwa akipanga jinsi atakavyoingia dukani, avute kiti chake na kusema, "Mwamsheni Wanzagi." Maana sheria ilikuwa kwamba mtu wa mchezaji asiyekuwapo hulala ndani ya mtumbwi mpaka mwenyewe arudi.

Alirudi mjini mbio mbio. Mlango wa duka ulikuwa umeegeshwa. Ndani alimwona Shamsia, futikamba shingoni. Alimwona Luqmani, seremala aliyechonga dadu zao kwa mninga, na Mugeta, mwalimu anayetoka Bunda kila Jumapili kwa ajili ya mchezo huo. Na kwenye kiti cha Enos mwenyewe, miwani puani na kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, alikuwa ameketi mama yake, Getruda, akitikisa dadu kiganjani.

"Wanzagi hapigi," Getruda alikuwa akisema. "Wanzagi anasalimiaga kwanza."

Enos alisimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Alimjua mama yake kama mwanamke wa dagaa, kwaya na msiba wa jirani. Hakuwahi kumwona akicheza hata bao.

"Shikamoo, mama," hatimaye aliweza kusema.

Dadu zilimponyoka mama mkononi. Alimtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka nywele. "Marahaba," alijibu. "Umekonda."

Mugeta alimsogezea Enos kigoda. Shamsia ndiye aliyeeleza, kwa kuwa wengine walikuwa wakitazama chini. "Mwaka ule wa kwanza uliacha kupokea simu miezi saba, Enos. Mama alituzunguka nyumba kwa nyumba akiulizia. Akafika hapa tukiwa tunacheza. Sikuwa na cha kumwambia, nikamwonyesha karatasi yako."

"Niliona mwandiko wako," alisema Getruda. "Nikauliza, huyu mtu mbona amelala tu? Wakaniambia anamsubiri Enos. Nikasema hata mimi namsubiri huyo huyo, basi tusubiri wote. Wakanipa kiti chako, tukamwamsha. Redio ilikuwa inasema mashimo yanaporomoka. Ningekaa nyumbani nifanye nini?"

Aibu ilimpata Enos, tena kubwa. Lakini binadamu ni kiumbe cha ajabu: wivu ulimpata zaidi. Macho yake yalikuwa kwenye kile kifungo chekundu, na vidole vilimwasha.

"Nashukuru mama umenishikia," alisema. "Ila Wanzagi ni wangu. Nimemtunga mimi, jina nimempa mimi. Sasa nimerudi."

Luqmani alikohoa. Getruda hakubisha. "Kweli, ni wako," alisema, akamsogezea karatasi na dadu, akahamia kigodani. Enos alikaa kwenye kiti chake na moyo ukamtulia kama wa mtu aliyefika kwake.

Shamsia aliendelea na hadithi, sauti yake imepoa kidogo. Mtumbwi wao ulikuwa umefika kwenye mlango mwembamba wa ziwa. Mbele yao walisimama watu wa Mwambao na mikuki, na mkuu wao aliuliza ni nani anayepita.

"Enos, hao siku hizi—" Mugeta alianza.

Enos aliinua kiganja. "Mwalimu, usinifundishe Wanzagi. Wanzagi anamrushia mkuki mkuu wao."

Shamsia aliuliza taratibu, "Umesema anarusha?"

"Anarusha."

Dadu ilibiringika ikasimama kwenye moja. Shamsia alisimulia bila kumtazama mtu. Mkuki ulizama majini. Mtumbwi uliyumba. Yule mkuu, aliyekuwa ameweka mkono kifuani tayari kumwamkia ndugu yake wa kuchanjiana damu, alirudi nyuma asiamini macho yake. Wanzagi alipinduka akaanguka ziwani.

Enos alimgeukia Shamsia. Ndugu wa damu? Alipoondoka, watu wa Mwambao walikuwa maadui wa jadi. "Sawa," alisema. "Ataogelea."

"Kwa mkono gani?" aliuliza Luqmani.

"Vipi kwa mkono gani?"

"Wa kushoto hana. Aliupoteza mwaka jana akimtoa mtoto mdomoni mwa mamba. Imeandikwa hapo, kaka. Hukusoma."

Enos aliinamia karatasi. Ilikuwa imeandikwa kweli, kwa kalamu ya mama yake, chini kidogo ya mwandiko wake mwenyewe wenye mikogo. Aliijua sheria ya meza ile kuhusu kuzama: anayezama hurusha dadu moja, na asipopata sita amekufa. Na Shamsia hakumfufua mtu hata siku moja. Luqmani mwenyewe alikwisha kuzika watu wake wawili, na mara ya pili alishindwa kula chakula cha jioni.

Alirusha. Dadu ilionyesha mbili.

Getruda alikuwa ameshika kitenge chake kwa mikono yote miwili. Enos hakuthubutu kumtazama. Alikuwa amerudi kwa nusu saa tu, na kilichomweka mama yake hai wakati yeye hajulikani alipo kilikuwa kinazama mbele yake.

"Geuza karatasi," alisema Shamsia.

Enos alikumbuka kulikuwa na sheria nyingine, ambayo enzi zake haikuwahi kumfaa. Kila uliyemtendea wema huandikwa nyuma ya karatasi, na siku ya kuzama kila jina hukupa dadu moja zaidi. Yeye aliuacha upande ule mweupe pe. Wanzagi wake hakuwahi kumsaidia mtu.

Aligeuza. Palikuwa na majina kumi na moja.

"Kila jina kwa zamu yake," alisema Shamsia. "Na arushe anayewajua."

Enos alisoma jina la kwanza. Felisiani. Hakumjua. La pili hakulijua. La tatu vilevile. Akasogeza dadu kwa mama yake bila kuambiwa.

Getruda alisimama. "Felisiani," alisema. "Tulimwokolea ng'ombe kwenye mafuriko." Akarusha. Nne. "Gasper. Nilimfundisha mwanawe kusuka kamba." Moja. Alitaja jina na wema wake, mmoja mmoja, kama anayesoma watu wa ukoo. Tatu. Tano. Mbili. Tano tena. Kwenye jina la nane Mugeta alifunika uso. Kwenye la kumi dadu iliyumba kwenye ukingo wa sita ikaangukia tatu, na Luqmani akainuka akaenda kusimama dirishani.

Likabaki jina moja la mwisho, na hilo Enos alilijua. Mbuke. Alikuwa mjane wa kisiwani. Jumapili ya mwisho kabla Enos hajaenda Buhemba, Wanzagi alimnyang'anya mjane huyo nyavu zake zote, na Enos akacheka sana.

"Huyu si tulimwibia?" aliuliza.

"Wewe ulimwibia," alijibu mama yake. "Mimi nikaenda kumrudishia na kumwomba msamaha. Shamsia akasema mjane amenifungia mlango. Nikaenda Jumapili tatu, ananifungiaga tu. Ya nne akafungua."

Akarusha.

Sita.

Hakuna aliyeshangilia. Shamsia alisema kwa sauti ndogo kuwa mjane mmoja wa kisiwani alitumbukiza wavu wake majini, na wavu ukarudi na mtu. Getruda alikaa, akavua miwani, akalia waziwazi mbele ya vijana wale. "Nilidhani namzika," alisema. "Kama nilivyokaa miezi saba nikidhani nimekuzika wewe."

Enos alipiga magoti kando ya kigoda na kushika miguu ya mama yake. Kisha alichukua karatasi ya Wanzagi, akaikunjua vizuri, akaiweka mapajani mwa Getruda.

"Kaa nacho kiti, mama. Mimi nilimtunga tu."

"Kutunga unajua," alisema Getruda, akimfuta vumbi la safari begani. "Lakini kuzaa si kazi, mwanangu. Kazi ni kulea. Ungeniuliza mimi."

Shamsia alikata kipande cha karatasi ya kuchorea mitindo, akakiweka mezani pamoja na kifungo kidogo cheupe cha shati. Enos aliandika jina jipya, akaandika nguvu na udhaifu. Haikumchukua hata robo saa. Alipomaliza aligeuza karatasi akatazama nyuma yake. Palikuwa peupe, na pangebaki peupe Jumapili nyingi.

"Wiki ijayo utakuja?" aliuliza mama yake.

"Nitakuja."

"Haya. Tutakuona."

Enos alikiweka kifungo cheupe ndani ya mtumbwi, nyuma kabisa ya kile chekundu. Mtu hubuniwa kwa robo saa, lakini majina kumi na moja yalimchukua Getruda Jumapili za zaidi ya miaka miwili. Ama kweli, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.