Siri ya Tusekile Jukwaani

Sogeeni, mnisikilize, kisha mnisaidie kuamua, maana mimi mwenyewe hili limenishinda.

Katika shule moja ya sekondari kule Rungwe walikuwapo wanafunzi watatu wa kidato cha nne, marafiki wa kushibana. Anyisile, kiongozi wa klabu ya maigizo, alijaliwa kalamu: akiandika mchezo, hata walimu hutoa leso. Lwitiko wa klabu ya midahalo alijaliwa ulimi: aliyekuja kukataa huondoka amekubali. Tusekile wa kwaya alijaliwa sauti, ingawa nje ya kuimba alikuwa msichana wa maneno machache.

Mwaka ule Ipyana, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliangukiwa na gogo, akakatwa mguu. Klabu tatu zikaungana kuandaa tamasha la hisani ili apatiwe mguu wa bandia.

Lwitiko akashika njia. Wiki mbili alizunguka makanisani, magulioni na kwenye vituo wanakopimia wakulima majani ya chai, akirudi viatu vimejaa tope. Siku ilipofika, bwalo lilifurika hadi wengine wakachungulia madirishani.

Anyisile akaandika mchezo. Tusekile aliyaona mazoezi yote, isipokuwa ya onyesho la mwisho.

"Hilo ni la kushtukiza," Anyisile alimwambia. "Likiisha tu, wewe ingia na wimbo."

Basi Tusekile akasimama nyuma ya pazia akingoja zamu yake. Jukwaani msichana mdogo akaketi juu ya begi, kana kwamba yuko stendi ya mabasi. Mama yake akampa kifuko cha karanga. "Nisubiri hapa, nakuja sasa hivi." Mama akaenda zake. Msichana akala karanga mojamoja, zisije zikaisha kabla mama hajarudi.

Karanga zile alizila Tusekile mwenyewe, akiwa na miaka sita, na mpaka leo mama hajarudi. Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa amemsimulia mtu mmoja tu, Anyisile, siku walipokuwa wakifua mtoni, na Anyisile aliapa kwamba maneno yale yangeishia palepale.

Sasa bwalo zima lilikuwa likimlilia bila kujua ni yeye. Akageuka aondoke. Kwenye mlango wa nyuma akamkuta Lwitiko.

"Ulijua?"

Lwitiko akatazama chini. "Niliusoma juzi. Anyisile aliniambia ni kisa chako, akaniomba nisikwambie." Kisha akasema taratibu, "Lakini dada, ukiondoka sasa watu watatawanyika. Ipyana je?"

Tusekile akarudi, akaimba. Sauti ilimkatika mara moja, akaitafuta, akaipata, akaendelea. Hakuna aliyebaki kitini. Kina mama wakafungua pindo za khanga, wanaume wakapitisha kofia. Wimbo ulipokwisha, mguu wa Ipyana ulikuwa umepatikana.

Mgeni rasmi, mzee mwenye shamba la chai, akawaita wale watatu. "Nitamsomesha mmoja wenu kidato cha tano na cha sita. Awe yule ambaye bila yeye leo isingekuwa. Kubalianeni, mniletee jina."

Kwao wote ada ilikuwa mlima. Wakajifungia darasani.

"Bila mchezo wangu wangeguswa na nini?" akasema Anyisile.

"Bila miguu yangu ungevichezea viti vitupu," akasema Lwitiko.

Anyisile akamgeukia Tusekile.

"Nisamehe. Ningekuomba ruhusa, ungekataa."

"Ningekataa," Tusekile akajibu. "Ndiyo maana ilikupasa uombe."

"Na Ipyana angebaki na magongo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Tusekile zaidi. Aliwatazama wale wawili aliokula nao sahani moja miaka minne, akaona hawajui hata walichomchukulia.

Mwishowe Lwitiko akamsogezea karatasi. "Andika wewe. Utakayemwandika, tutakubali."

Tusekile akashika kalamu. Akimwandika Anyisile, amemlipa aliyemwuza. Akimwandika Lwitiko, amemlipa aliyejua akanyamaza. Akijiandika mwenyewe, je, hatakuwa ameiuza siri yake kwa mkono wake?

Mgeni rasmi anangoja, na karatasi bado nyeupe. Haya, ninyi mlioketi hapa: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?